Mnasihi asiyejijua humsaidia nani? Swali langu kutoka Kigoma

Bandiko la 1 – Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha katika shule ya sekondari ya kata hapa Kigoma, na tangu mwaka jana nimepewa kazi ya ushauri nasaha juu ya vipindi vyangu vya Jiografia. Maandalizi yangu yalikuwa semina ya siku tano, ambamo tulifundishwa kuuliza maswali ya wazi, kumrudishia mteja alichosema kwa maneno yetu wenyewe, kutoa muhtasari, na kunyamaza inapobidi. Mazoezi yote nilifaulu. Kisha nikarudi shuleni na kushindwa kwa mtu wa kwanza kabisa.

Alikuwa binti wa kidato cha tatu. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa stoo ya vitabu, ambayo ndiyo ofisi yangu na funguo zake ninazishika mimi, akaniambia kwamba mama yake ameolewa upya Katonga na yeye amebaki kwa bibi. Halafu akaongeza, "Ila mimi nipo tu, mwalimu." Kabla hajavuta pumzi ya pili nilikuwa nimeshaanza kumweleza jinsi mimi mwenyewe nilivyolelewa na bibi, jinsi nilivyosoma kwa kibatari, na jinsi ambavyo yeye naye angefika mbali kama angejitahidi. Nilizungumza labda dakika saba. Aliitikia "ndiyo, mwalimu" mara nne, akashukuru, akaondoka, na hajarudi hadi leo.

Maswali ya wazi niliyajua na kunyamaza nilikujua. Kilichonishinda ni kwamba nilipomsikia yule binti nilijisikia mimi. Kwa hiyo ninadai, na ninaomba mnipinge kwa hoja, kwamba mnasihi asiyejijua hawezi kumsaidia mtu hata akikariri mbinu zote za semina, na kwamba mafunzo yetu yanaanzia mwisho.

Bandiko la 2 – Nesi Mstaafu (Tabora)

Mwalimu, pole kwa yaliyokukuta, lakini ninakupinga kama ulivyoomba. Nilifanya kazi ya ushauri nasaha wa VVU hapa Tabora tangu wakati ambao kumwambia mtu kwamba ana virusi kulikuwa karibu sawa na kumwambia kwamba hakuna cha kufanya, kwa maana dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Katika chumba kile sikuwa ninajijua hata kidogo. Nilikuwa na miaka 27, nilikiogopa kifo, nilikuwa na hasira na mume wangu, wala sikujua kwamba hasira hiyo ninaingia nayo kazini.

Kilichowaokoa wateja wangu na mimi ni mbinu. Nilifundishwa kwamba majibu husemwa kwa sentensi moja ambayo mtu hawezi kuielewa vibaya, kisha mshauri hunyamaza mpaka mteja aseme neno la kwanza. Nami nikanyamaza. Dirishani palionekana paa la jengo la pili, na nilikuwa nikihesabu migongo ya bati. Wapo waliosema neno kabla sijafika ishirini, na yupo baba mmoja aliyenifanya nilihesabu paa lote mara tatu kabla hajaniuliza, "Mke wangu nitamwambiaje?" Kama ningengoja nijitambue kwanza, baba yule angetoka mlangoni mimi bado ninajitambua. Mbinu ni reli, mwalimu. Dereva wa treni hahitaji kuujua moyo wake ili afike Kigoma, anahitaji kubaki juu ya reli.

Bandiko la 3 – Kibirizi Asubuhi (Kigoma)

Bibi Nesi, shikamoo. Sisi tunaoisubiri treni hiyo huku mwisho wa reli tunajua kwamba mvua ikisomba tuta, dereva huyo atahitaji kitu kingine zaidi ya reli.

Bandiko la 4 – Msomaji wa Usiku (Tabora)

Hoja ya mleta mada ina wenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mabadiliko ya mteja yanategemea masharti matatu yaliyo ndani ya mnasihi: kumkubali mteja bila kumwekea masharti, kuhisi pamoja naye kana kwamba uko ndani ya dunia yake bila kusahau kwamba si yako, na kuwa mkweli ndani ya nafsi yako badala ya kuvaa sura ya kitaalamu. Sharti hili la mwisho ndilo kujijua kwenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuwa mkweli kuhusu hasira asiyojua kwamba anayo. Bibi Nesi anasema aliingia na hasira chumbani. Ninamuuliza kwa heshima: ana uhakika gani kwamba wateja hawakuisikia katika ule ukimya wake?

Lipo pia Dirisha la Johari, ambalo nadhani limepewa jina hilo kwa sababu nafsi ya mtu ni johari yake, na ambalo lina vioo vinne: unayoyajua wewe na wenzako wanayajua, unayoyajua peke yako, wanayoyaona wenzako nawe huyaoni, na yale ambayo hayajaonwa na yeyote.

Bandiko la 5 – Ustawi Urambo (Tabora)

Ndugu Msomaji, marekebisho mawili. Johari hiyo haina uhusiano na kito wala na Kiswahili. Dirisha lile lilibuniwa mwaka 1955 na Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, ambao waliunganisha Joe na Harry wakapata Johari. Nami niliamini kama wewe kwa miaka mingi, na nililieleza kosa hilo mbele ya darasa zima.

La pili ni zito zaidi. Masharti ya Rogers ya mwaka 1957 yalikuwa sita. Watu wamezoea kutaja matatu yanayomhusu mnasihi, lakini la sita linasema kwamba mteja mwenyewe lazima, angalau kwa kiasi kidogo, aupokee ule uelewa na kule kukubaliwa. Maana yake ni kwamba unaweza kujijua, ukampenda mteja kwa moyo wako wote, na bado ukawa hujafanya kitu, kwa kuwa kwake havikufika. Kitu cha kuvifikisha ni nini kama si mbinu?

Bandiko la 6 – Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Wanangu, ninawasoma kwa makini na ninaona mnabishana juu ya mnasihi huku mmemsahau aliyekuja. Nimekaa katika baraza la usuluhishi wa ndoa kwa miaka mingi, baraza ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa walipitie kabla ya kupeleka maombi ya talaka mahakamani. Mtu amepanda bodaboda kutoka Simbo, amelipa nauli, ameacha shamba, amekaa mbele yangu. Amesema, "Mzee, mke wangu ananidharau." Nami nimjibu, "Kwa hiyo unahisi unadharauliwa"? Atakwenda kusema kijijini kwamba mzee wa Ujiji amekuwa kasuku.

Watu wetu huja kutafuta neno. Ukinyamaza sana wanaona huna neno, au unalo na unawanyima. Yule binti wa mwalimu huenda hakuchukizwa na hadithi ya bibi na kibatari. Huenda alichokosa ni neno lililomhusu yeye. Tatizo la mwalimu ni kwamba alitoa ushauri mbovu, na dawa yake ni kutoa ushauri mzuri.

Bandiko la 7 – Msomaji wa Usiku

Ustawi, nimekubali yote mawili, asante. Johari limeniuma zaidi.

Mzee wangu, shikamoo. Ninaomba tulitazame neno lenyewe. Tunasema "kufanya shauri" tukimaanisha watu kukaa na kulipima jambo pamoja, tunasema "shauri limefika mahakamani" tukimaanisha jambo ambalo bado halijaamuliwa, na tunasema "shauri yako" tukimaanisha kwamba uamuzi na matokeo yake ni vya mwenyewe. Katika matumizi hayo yote hakuna mahali ambapo shauri ni kitu kinachotoka mfukoni mwa mkubwa kwenda mkononi mwa mdogo. Maana hiyo tumeipata kwenye nasaha, ambayo ni maonyo ya mtu anayekutakia mema. Tulipoyaunganisha maneno hayo mawili tukaita kazi hii ushauri nasaha, tukayapa jina moja mambo mawili yanayovutana, na huenda mwalimu aliingia chumbani akiwa na la kwanza kichwani na la pili mdomoni.

Bandiko la 8 – Mzee wa Ujiji

Umeeleza vizuri, mjukuu wangu. Hata hivyo "shauri yako" huku kwetu ni neno la kumfukuza mtu, si la kumheshimu.

Bandiko la 9 – Kijana wa Gungu (Kigoma)

Samahani wakubwa, mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Katika shule niliyosoma, mwalimu wa ushauri nasaha na mwalimu wa nidhamu walikuwa mtu mmoja. Asubuhi alisimama getini na fimbo kuhesabu waliochelewa, saa nne akakaa ofisini kusubiri tumwambie siri zetu, na fimbo ile ile ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya kiti chake. Sijui kama alijijua au hakujijua. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekwenda. Rafiki yangu mmoja alikwenda mara moja kuhusu ugonjwa wa baba yake, na kabla ya kengele ya mwisho mwalimu wa somo jingine alikuwa anampa pole darasani, mbele yetu sote.

Ninyi mnajadili moyo wa mnasihi na ulimi wa mnasihi. Sisi wanafunzi tulikuwa tunaangalia fimbo na mlango.

Bandiko la 10 – Ustawi Urambo

Kijana wa Gungu amegusa siri, nami nina kosa langu la kuungama, ambalo ni kinyume cha hilo lake. Mwanzoni mwa kazi nilikuwa na mazoea ya kumwambia kila mtoto, kabla hajafungua mdomo, "Utakachoniambia hakitatoka humu." Nilidhani ndiyo njia ya kumfanya aniamini. Siku moja mtoto wa miaka kumi na moja aliniamini, akanieleza anachofanyiwa nyumbani na mtu mzima wa familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya eneo lake, na hata kama sheria isingekuwapo nisingelala. Nilitoa taarifa, na mtoto akawekwa mahali salama. Lakini aliponiona tena aligeuza uso akatazama ukuta, na sikupata kumsikia akisema nami neno jingine.

Siku hizi husema mwanzoni, kwa maneno mepesi, kwamba tutakayozungumza nitayatunza, isipokuwa nikisikia kwamba kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kumuumiza mwingine, na kwamba hapo nitamhusisha mtu wa tatu nawe utakuwa wa kwanza kujua. Wapo wanaosita wakisikia hivyo. Wengi husita kidogo, kisha husema. Wasiotaka kuanzia ana kwa ana huwapa namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, 116.

Kwa nini niliahidi nisichoweza kutimiza? Semina ilinifundisha mipaka ya siri, na kwenye mtihani niliiandika yote. Niliahidi kwa sababu nilitaka kupendwa. Kwa hiyo katika hili niko upande wa mleta mada, ingawa katika bandiko la 5 nilikuwa upande wa pili.

Bandiko la 11 – Asali Mbichi (Sikonge)

Ustawi amehama kambi bila kuaga. Tumwandikie barua ya uhamisho.

Bandiko la 12 – Nesi Mstaafu

Acha utani, mtani wangu, ingawa umenichekesha.

Msomaji aliniuliza katika bandiko la 4 kama wateja waliisikia hasira yangu. Huenda waliisikia. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyeniuliza, "Dada, nimekuudhi?" nami nikakana upesi. Nalikubali hilo. Lakini naomba nionyeshe kwamba mbinu si kukariri kama mwalimu anavyodhani, bali ni kuzifahamu hila za lugha yetu wenyewe. Chukueni neno pole. Hakuna neno zuri kuliko hilo, na hakuna neno linalofunga mdomo wa mteja haraka kama hilo likisemwa mapema. Mtu anasema, "Nimefiwa na mtoto." Unasema, "Pole sana." Yeye, kwa adabu aliyofundishwa tangu utotoni, anajibu, "Nimeshapoa." Basi! Mazungumzo yamekwisha, maana mtu aliyesema amepoa hawezi tena kusema anaungua. Nilijifunza kuichelewesha pole mpaka mwisho, au kuisema kwa macho.

"Kwa nini" nalo ni hivyo hivyo. "Kwa nini hukuja kliniki?" ni swali la polisi, na mtu huandaa utetezi. "Ilikuwaje hata ukashindwa kuja?" ni swali la jirani, na mtu husimulia. Na lile neno la binti wa mwalimu, "nipo tu", lingetosha kuwa somo la siku nzima. Anayesema "nipo" hana neno. Anayesema "nipo tu" anakugongea mlango. Mwalimu aliyefunzwa kuisikia ile "tu" angelirudisha neno hilo hilo taratibu, "Upo tu?", halafu angengoja. Hilo halihitaji kujijua, linahitaji sikio.

Kuhusu siri, vijana wengi walikuja kwangu wakitaka kupima nikawarudisha, kwa kuwa sheria inamtaka aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi.

Bandiko la 13 – Ustawi Urambo

Bibi, hiyo ilikuwa zamani. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa mwenye miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe. Mabadiliko hayo hayo yaliruhusu pia mtu mzima kujipima.

Bandiko la 14 – Nesi Mstaafu

Nimestaafu kabla yake. Asante, mwanangu, na ni habari njema.

Bandiko la 15 – Mkalimani wa Mpakani (Kigoma)

Nimezaliwa Ulyankulu, mtoto wa wakimbizi walioingia kutoka Burundi mwaka 1972. Warundi walipoanza tena kuingia Kigoma kwa wingi mwaka 2015, nilipata kazi ya ukalimani kambini, kati ya wanasihi wasiojua Kirundi na watu waliokuwa wamevuka mpaka siku chache kabla.

Ninataka kuzungumzia hoja ya Bibi Nesi kwamba kinachohitajika ni sikio. Sikio nilikuwa nalo, na lugha zote mbili nilikuwa nazo tangu utotoni. Siku moja mama mmoja alizungumza kwa muda mrefu sana, akilia, kuhusu mtoto aliyemwachia jirani usiku wa kukimbia. Alipomaliza, mnasihi alinitazama, nami nikasema, "Anasema amechoka." Mnasihi akauliza, "Ni hayo tu?" Nikasema ndiyo. Mama yule hakujua Kiswahili, lakini alijua kuhesabu. Alinitazama mimi, si mnasihi, kwa namna ambayo siwezi kuieleza hapa.

Maneno niliyajua yote. Nyumbani kwetu Ulyankulu kulikuwa na jina la mtoto ambalo halikutajwa, dada yangu ambaye sikupata kumwona, na mama yangu alikuwa akitoka nje kila mtu alipogusia mwaka 1972. Nilitoka nje kama mama, ila mimi nilitoka nikiwa nimekaa kwenye kiti. Hakuna mbinu ambayo ingenizuia, kwa sababu wakati ule sikujua kwamba nimetoka. Nilijua usiku, nikiwa ninakula.

Bandiko la 16 – Mwalimu wa Mwanga

Mkalimani, nimesoma bandiko lako mara mbili. Nashukuru kwa kulileta.

Bandiko la 17 – Msomaji wa Usiku

Jambo la Mkalimani na la mwalimu lina historia. Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchanganuzi wa nafsi, aliandika juu yake mwaka 1910, akisema kwamba hisia hizo huzaliwa pale mgonjwa anapogusa mambo ya ndani ya mtabibu ambayo mtabibu mwenyewe hayatambui, na kwamba anapaswa kuzitambua na kuzishinda. Alizihesabu kuwa kizuizi. Lakini mwaka 1950 Paula Heimann, wa fani hiyo hiyo, aliyekuwa akifanya kazi London, alisema karibu kinyume chake: hisia hizo ni chombo cha kazi, kwa sababu zinaweza kukuonyesha jambo ambalo mteja hajaweza kulitamka. Kwa mtazamo wa Freud, mwalimu alipojisikia yeye mwenyewe ndani ya hadithi ya binti, alikuwa ameshapotea njia. Kwa mtazamo wa Heimann, kule kujisikia kulikuwa taarifa muhimu kuhusu upweke wa yule binti, na kosa lilikuwa kuitoa taarifa hiyo kwa mdomo badala ya kuitumia.

Bandiko la 18 – Kibirizi Asubuhi

Mimi ninauza dagaa na sijasoma hayo. Ila mwaloni, wanawake wanapoanika dagaa kwenye vichanja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mikono ikitawanya na macho yakiangalia dagaa, wanaambiana mambo ambayo hayajawahi kusemwa mbele ya meza. Hawatazamani. Kichanja kikiisha wanasogea kingine, na habari inaendelea. Hakuna anayejijua pale kwa namna mnayosema, wala aliyefundishwa kunyamaza. Nadhani mnakosea kuanzia na mnasihi. Anzieni na mahali.

Bandiko la 19 – Asali Mbichi

Kibirizi leo kasema neno. Semina niliyohudhuria tulifundishwa mkao wa Gerard Egan, profesa wa Chicago: umkabili mteja, ukae mkao wa wazi, uinamie kidogo upande wake, umtazame machoni, utulie. Nilimtazama machoni binti wa Kinyamwezi wa miaka kumi na sita, na kadiri nilivyomtazama ndivyo alivyozidi kuisoma sakafu. Kwake mimi ni mtu mzima, na mtoto aliyelelewa hamkodolei macho mtu mzima. Nikaandika kwenye fomu kwamba mteja haonyeshi ushirikiano. Aibu yangu mwenyewe.

Mwalimu, naomba nikuulize swali dogo. Wakati unazungumza zile dakika saba, au kabla yake binti alipokuwa anasema, mikono yako ilikuwa inafanya nini?

Bandiko la 20 – Mwalimu wa Mwanga

Sikumbuki. Nadhani ilikuwa juu ya meza.

Bandiko la 21 – Mzee wa Ujiji

Nimeona kijana mmoja huko nyuma ameandika kuhusu kuhisi pamoja na mteja kana kwamba uko ndani ya dunia yake. Wahenga wetu walikuwa waangalifu zaidi. Walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakusema ukakilalie. Walisema hujui, basi. Mwalimu alidhani anawajua kunguni wa yule binti kwa sababu naye aliwahi kulala kitanda kinachofanana. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kosa: kulelewa na bibi wa miaka ile si kulelewa na bibi wa leo. Kwa hiyo mimi ningesema kujijua sana nako kunaponza. Angekuwa hakulelewa na bibi, angeuliza.

Bandiko la 22 – Ustawi Urambo

Mzee, hapo umenifikirisha. Lakini nyani haoni kundule, na hakuna atakayejua peke yake kwamba anadhani anajua. Ndiyo maana mahali ambapo kazi hii inafanywa vizuri, mnasihi naye ana mtu anayemsimamia: mnasihi mwenye uzoefu ambaye anakaa naye kila baada ya muda fulani, wanapitia kesi bila kutaja majina, na anamuuliza wapi alisisimka na wapi alichoka. Mganga hajigangi. Mwalimu wetu amekabidhiwa stoo ya vitabu na wanafunzi wote wa shule, na hana hata mmoja wa kumuuliza. Katika hali hiyo kumwambia "jitambue" ni kumwongezea mzigo tu.

Bandiko la 23 – Kijana wa Gungu

Na vipindi vya Jiografia anavyo vilevile.

Bandiko la 24 – Mwalimu wa Mwanga

Nimerudi baada ya wiki moja. Swali la Asali Mbichi lilinikera, nikaamua kulijaribu lile dirisha lisilo la Kiswahili, hasa kioo cha mambo ambayo wengine huyaona nami siyaoni. Niliwaomba walimu wenzangu wawili waniambie, bila kuniheshimu, ninafanya nini mtu anapozungumza nami kwa muda mrefu. Walitazamana. Kisha mwenzangu wa Hisabati akachukua funguo zake mezani, akazitia kidole katika ule mduara wake, akaanza kuzizungusha: cheke, cheke, cheke. Mwingine akacheka mpaka akafuta machozi. Wanasema ninafanya hivyo vikaoni, mapumzikoni, hata msibani, na kwamba mkuu wa shule anaposikia funguo hukatisha hotuba. Nimekaa shuleni hapo miaka sita na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo yule binti alipokuwa anasema "nipo tu", inawezekana kabisa kwamba nilikuwa ninazungusha funguo za stoo mbele yake. Nadhani huu ni ushahidi wa kutosha kwa dai langu la bandiko la 1.

Bandiko la 25 – Kibirizi Asubuhi

Mtoto alijua ofisi inafungwa.

Bandiko la 26 – Nesi Mstaafu

Mwalimu, nimefurahi kwamba uliuliza, na nimefurahi zaidi kwamba walikujibu. Lakini ushahidi huo usiuchukue haraka. Ungeweza kuijua historia yako yote, ukamlilia bibi yako aliyekulea, ukasamehe kila aliyekukosea, na funguo zingeendelea kulia. Dawa yake ni kuziweka kwenye droo kabla mteja hajakaa, na hiyo ni mbinu. Funguo hizo ni za upande wangu.

Bandiko la 27 – Msomaji wa Usiku

Bibi, na nani atamkumbusha kuziweka kwenye droo siku ambayo atakuja mtoto mwingine aliyelelewa na bibi?

Bandiko la 28 – Nesi Mstaafu

Azifunge kwa uzi kwenye mpini wa droo.